Nimekwama kwenye kilo 40 na dakika 32, nifanye nini?

Swali: Kocha, habari za kazi. Nina miaka 36 na nimefanya mazoezi siku tano kwa wiki kwa karibu mwaka mzima. Siku tatu nakimbia kilomita 5, siku mbili nanyanyua vyuma. Miezi mitatu ya mwanzo niliona mabadiliko karibu kila wiki. Tangu hapo nimesimama palepale: skwoti (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) kilo 40, seti, yaani awamu, tatu za marudio kumi, kusukuma chuma kwenye benchi kilo 30, kilomita 5 kwa dakika 32. Kila mara najitahidi mpaka nguvu ziishe. Nikilazimisha kuongeza, goti la kulia linaanza kuuma, napumzika wiki mbili, kisha naanza upya. Niongeze siku ya sita? Niongeze uzito? Au nibadilishe mazoezi yote?

Jibu: Habari ni njema, ndugu yangu, na asante kwa kuniandikia na namba. Bila hizo kilo na dakika ningekupa maneno ya kukutia moyo tu, na moyo unao tayari.

Siku ya sita usiongeze. Mazoezi uliyonayo yanatosha, usiyabadilishe. Uzito utaongeza, ila kwa utaratibu ambao kwa sasa hauna. Katika maelezo yako kuna sentensi moja iliyonionyesha shida ilipo: "kila mara najitahidi mpaka nguvu ziishe." Maana yake ni kwamba kila unapovaa viatu unafanya mtihani. Kilomita 5 kwa kasi yote, mara tatu kwa wiki. Kilo 40 mpaka miguu itetemeke, mara mbili kwa wiki. Unajipima mara tano ndani ya siku saba, na hakuna siku hata moja iliyotengwa kwa ajili ya kujijenga. Mwili hubadilika kutokana na kazi unayoweza kuirudia wiki baada ya wiki, huku ikiongezeka kidogo kwa hesabu inayojulikana. Ukiukamia kila siku, unachoka kabla hujapata nafasi ya kuongeza chochote.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu ile miezi mitatu mizuri. Haikuwa bahati, na kuisha kwake si dalili kwamba umefika mwisho wa uwezo wako. Mwaka 1979 watafiti Toshio Moritani na Herbert deVries walionyesha kwamba wiki za mwanzo za kunyanyua vyuma, sehemu kubwa ya nguvu inayoongezeka hutoka kwenye mfumo wa fahamu: ubongo unajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli ambao tayari unao. Msuli wenyewe kukua huja baadaye na huenda polepole. Nyuma ya msuli zinafuata kano, zinazounganisha msuli na mfupa, ambazo hujijenga taratibu zaidi. Kwa hiyo mtu anayeanza hupata nguvu haraka kuliko viungo vyake vinavyoweza kuzibeba. Siwezi kulipima goti lako kwa maandishi, lakini mtindo wako wa kulazimisha, kuumia, kulala wiki mbili na kurudi kwa kishindo ndio hasa unaozinyima kano muda wa kuzoea.

Kuna jambo la zamani ambalo napenda kila mtu aliyekwama alijue. Daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu askari waliojeruhiwa miguu katika hospitali moja ya Chicago wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 alichapisha njia yake: mgonjwa anatafutiwa uzito anaoweza kuunyanyua mara kumi tu, kazi yote inahesabiwa kutokana na uzito huo, na unapimwa upya kila wiki. Mwanzoni aliwapa marudio 70 hadi 100 kwa kila zoezi. Mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alitangaza kwamba idadi hiyo ilikuwa kubwa mno na kwamba marudio 20 hadi 30 yanatosha, kwa sababu mtu anayefanya machache anaweza kubeba kizito zaidi. Zile seti tatu za marudio kumi unazozifanya ni mtoto wa kazi hiyo. Lakini wewe umechukua seti na marudio, ukaacha kitu kilichofanya njia ile ifanye kazi: uzito kuongezwa kwa kanuni.

Sasa tuingie kwenye vyuma vyako. Badala ya kung'ang'ania marudio kumi, jipe eneo la kati ya 8 na 12. Wiki ya kwanza weka kilo 40 na ufanye seti tatu za marudio 8. Utamaliza ukijua ungeweza kufanya mengine mawili au matatu. Hayo yaache, na usione aibu kuyaacha. Siku ya vyuma inayofuata jaribu 9, 9, 8. Inayofuata 9, 9, 9, au 10, 9, 9 kama mwili uko vizuri. Unapanda rudio mojamoja mpaka siku utakayoandika 12, 12, 12 huku mwili ukikaa sawasawa. Hapo, na hapo tu, unaweka kilo 42.5 na kurudi kwenye marudio 8.

Watu wengi hushtuka kwenye hatua hiyo ya kurudi chini, wakidhani wanapoteza. Tufanye hesabu. Kuna kanuni ya kukadiria uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja, inayojulikana kwa jina la Epley: chukua uzito, uzidishe kwa moja kujumlisha marudio yaliyogawanywa kwa 30. Kilo 40 mara 12 inakupa makadirio ya kilo 56. Kilo 42.5 mara 8 inakupa kilo 53.8. Kwa hiyo siku unayoongeza chuma, kazi yako kwa kweli imekuwa nyepesi kidogo kuliko ya siku iliyotangulia. Umejitengenezea nafasi ya kupanda tena. Wewe umekuwa ukiongeza chuma na kubaki na marudio yaleyale kumi siku hiyohiyo, yaani unadai mwili uruke ngazi nzima kwa mara moja. Ndiyo maana unagonga ukuta kila mara.

Ukubwa wa nyongeza nao una mipaka. Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, kilipendekeza kuongeza asilimia 2 hadi 10 pale unapoweza kuzidisha rudio moja au mawili juu ya idadi uliyojipangia. Kilo 2.5 juu ya 40 ni asilimia 6 na kidogo, iko salama. Kwenye benchi, kilo 2.5 juu ya 30 ni zaidi ya asilimia 8, na mikono huongezeka nguvu polepole kuliko miguu. Kama jimu yako ina sahani ndogo za nusu kilo, weka moja kila upande. Kama haina, panua eneo lako: panda mpaka marudio 14 au 15 kabla ya kuongeza. Hali ni ngumu zaidi kwenye dambeli, vile vyuma vifupi vya mkono mmoja, ambako kutoka kilo 8 kwenda 10 ni ruko la robo nzima, na hakuna ubabe utakaolifuta. Ongeza marudio, au uwe unateremsha chuma polepole huku ukihesabu mpaka tatu, mpaka kilo 8 ionekane ndogo.

Kuhusu kufika mwisho wa nguvu: maliza karibu kila seti ukiwa umebakiza marudio mawili. Seti ya mwisho ya siku unaweza kubakiza moja. Usikisie kwa jinsi unavyohema. Angalia kasi ya chuma. Rudio linapoanza kupanda kwa kusuasua ilhali wewe unasukuma kwa nguvu ileile, umebakiza machache. Na rudio ambalo goti limeingia ndani au mgongo umejikunja halihesabiwi, hata kama chuma kilifika juu.

Kwenye mbio ndiko kwenye tatizo kubwa zaidi, na ndiko utakakobishana nami. Dakika 32 kwa kilomita 5 ni dakika 6 na sekunde 24 kwa kila kilomita. Nataka mbio zako mbili kati ya tatu ziwe kati ya dakika 7 na robo hadi 8 kwa kilomita. Ndiyo, mdogomdogo kiasi cha kuona haya. Kipimo chake ni mdomo wako: uweze kusema sentensi nzima, uitue, useme nyingine, bila kukatiza kuvuta pumzi. Ukiweza kutoa maneno matatu tu kwa mkupuo, umekimbia sana.

Sababu ni kwamba mbio za taratibu ndizo zinazojenga msingi wa pumzi: moyo kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu kuongezeka ndani ya misuli, na seli za misuli kuwa hodari zaidi kutumia oksijeni. Mambo haya hutaka muda mrefu wa kazi nyepesi, na muda huo huwezi kuupata ukiwa unahema kama unafukuzwa. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand alijenga wakimbiaji wake hivyo. Peter Snell aliyeshinda dhahabu ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960 alikuwa amepitia kipindi cha kukimbia takriban kilomita 160 kwa wiki, kwa ajili ya shindano lisilofika dakika mbili. Nakutajia hili kwa sababu ya mpangilio wake. Kilomita zake waachie wenyewe. Miaka mingi baadaye mtafiti Stephen Seiler alichunguza jinsi wanamichezo wa viwango vya juu wa mbio, baiskeli, makasia na kuteleza kwenye theluji wanavyogawa mazoezi yao, akakuta karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi. Wewe mwenye vipindi vitatu huhitaji kuhesabu asilimia. Viwili vyepesi, kimoja kikali, inatosha.

Kile kikali kifanye hivi. Pasha mwili moto kwa dakika 10 za mdogomdogo. Kimbia dakika 3 kwa kasi ya takriban dakika 6 kwa kilomita, yaani karibu mita 500, kisha tembea au jongea dakika 2. Rudia mara nne. Malizia na dakika 5 hadi 10 za taratibu. Umefaulu ikiwa kipande cha nne kimefika mbali sawa na cha kwanza. Kama cha kwanza kilikuwa mita 560 na cha mwisho 440, ulikuwa na papara, na wiki ijayo rudia vipande vinne kwa utulivu kabla ya kuongeza. Ukiweza vinne vilivyo sawa, nenda vitano, halafu sita. Baada ya sita rudi vinne, lakini kila kimoja kiwe dakika 4. Utaona ni kanuni ileile ya vyuma: unapanda idadi, kisha unashusha idadi na kupandisha kitu kingine.

Wiki ipange hivi: Jumatatu vyuma, Jumanne kilomita 4 nyepesi, Jumatano pumzika, Alhamisi mbio kali, Ijumaa pumzika, Jumamosi vyuma, Jumapili mbio nyepesi ndefu. Siku zenyewe unaweza kuzisogeza kulingana na kazi yako, ila usiweke mbio kali kesho yake baada ya skwoti. Miguu iliyochoka hukimbia vibaya, na goti ndilo linalolipa.

Mbio ya Jumapili ndiyo utakayoirefusha. Wiki ya kwanza kilomita 5, ya pili 5.5, ya tatu 6, na ya nne unashuka mpaka 4. Kisha 6, 6.5, 7, na wiki ya nane unashuka mpaka 5. Huenda umesikia kwamba ukiongeza asilimia 10 kwa wiki huwezi kuumia. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliijaribu kanuni hiyo kwa wakimbiaji wapya na kuchapisha matokeo mwaka 2008: kundi lililoongeza taratibu kwa kanuni hiyo na kundi lililofuata ratiba ya kawaida ya haraka zaidi, yote mawili yalipata majeruhi karibu mmoja kati ya kila watu watano. Kuongeza kidogo bado ni busara. Lakini asilimia 10 haikulindi ukiipuuza lugha ya mwili wako, na hakuna dhambi ya kubaki na kilomita 6 kwa wiki mbili kama ya kwanza ilikuelemea.

Hizo wiki za kushuka, ya nne na ya nane, ndizo watu wenye bidii kama wewe huziruka. Usiziruke. Kwenye vyuma, uzito ubaki uleule lakini fanya seti mbili badala ya tatu. Mbio kali ibaki kwa kasi yake lakini vipande viwe vitatu. Angalia vizuri ninachopunguza: wingi wa kazi, ukali wake sijaugusa. Robert Hickson na wenzake, katika majaribio ya miaka ya 1980, waliwafundisha watu mpaka wakapata pumzi nzuri, kisha wakawapunguzia siku au dakika za mazoezi, kwa baadhi yao hadi theluthi mbili, bila kushusha ukali. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukushuka kwa wiki 15. Waliopunguziwa ukali walishuka. Hii inakusaidia pia wiki za safari au za kazi nyingi: fupisha kipindi mpaka dakika 20 ikibidi, lakini kiwe na seti moja au mbili za uzito wako wa kawaida, au vipande viwili vya kasi yako ya kawaida.

Mtihani sasa utaufanya mara moja kila wiki nane, mwishoni mwa ile wiki ya kushuka, badala ya mbio ya Jumapili. Kilomita 5 kwa nguvu zako zote. Katikati ya mitihani, angalia njia yako ya Jumanne: kilomita zilezile 4, kwa mazungumzo yaleyale mepesi, zinachukua dakika ngapi? Zikishuka kutoka 31 hadi 29 bila wewe kuhema zaidi, unapanda, hata kama hujajipima popote.

Kuhusu goti. Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya kazi mpya ni kawaida, na hupoa yenyewe. Maumivu ndani ya kiungo ni suala jingine. Jiulize ni mangapi kati ya 0 na 10. Yakiwa hayazidi 3 wakati wa mazoezi na kesho yake asubuhi yamerudi yalivyokuwa, endelea na ratiba bila kuongeza. Yakizidi hapo, au yakiwa makubwa zaidi asubuhi, shusha uzito na kilomita kwa theluthi moja mpaka yatulie. Usilale kabisa, maana wiki mbili za kukaa bure ndizo zinazofanya kurudi kuwe kugumu. Goti likivimba, likikwama, likikuachia ghafla, au likikufanya uchechemee, acha kusoma majibu ya kocha na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Vivyo hivyo kama unapata maumivu ya kifua au kizunguzungu ukikimbia: hilo ni la daktari, siku hiyohiyo.

Chakula na usingizi sina mengi ya kusema kwa sababu hukuniuliza. Saa saba hadi tisa za kulala, na protini karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, vinatosha kwa mtu anayefanya kazi kama yako. Ukikwama huku usingizi wako ni wa saa tano tu kwa usiku, shida haiko kwenye ratiba.

Nunua daftari. Nalisisitiza hili kuliko kila kitu nilichokwisha andika. Kila kipindi kiwe na mstari mmoja: tarehe, zoezi, uzito, marudio ya kila seti, umebakiza mangapi, goti liko ngapi kati ya 10. Kabla ya kuanza, fungua ukurasa wa mara iliyopita, andika lengo la leo na kikomo cha leo. Mfano: skwoti kilo 40, lengo 10, 10, 9, kikomo 10, 10, 10 hata kama nguvu zipo. Kikomo ni muhimu kama lengo. Siku utakayojisikia simba ndiyo siku utakayotaka kuharibu wiki tatu zijazo.

Usitarajie kilo 2.5 kila wiki maisha yako yote. Zingeongezeka hivyo kwa mwaka mmoja, ungekuwa na kilo 170 mabegani. Kwa mtu aliyemaliza mwaka wa kwanza, kuongeza chuma kila baada ya wiki tatu hadi tano ni mwendo mzuri sana. Ukikaa vipindi vitatu mfululizo bila rudio hata moja kuongezeka, na usingizi uko sawa, punguza uzito kwa asilimia 10 na upande tena. Mara nyingi utapita pale ulipokwama. Ukikwama mahali palepale mara ya pili, ongeza seti ya nne kwa zoezi hilo moja tu, na mengine yote yaache yalivyo, ili ujue ni nini kimekusaidia.

Na ukikosa wiki nzima kwa ugonjwa au shughuli, usijaribu kulipa deni kwa kubana vipindi kumi ndani ya siku saba. Rudia wiki ya mwisho uliyoikamilisha, kisha endelea kutoka hapo. Ukikosa mbili au tatu, anza na theluthi mbili ya seti na kilomita ulizokuwa nazo, kwa wiki moja. Wiki yako ya kwanza ya mpango huu utaona ni nyepesi mno, na utapata hamu ya kuongeza kidogo. Iache ilivyo, kisha niandikie baada ya mtihani wa wiki ya nane, na namba zote.